Mageuko na Uainishaji wa Nondo wa Arctiinae: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nondo wa Arctiinae wana spishi takriban 11,000 zilizokwisha kuelezwa kisayansi, na nyingi kati ya hizo zinaishi katika tropiki. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa msomaji asiye mtaalamu, ila hayakurahisishwa kiasi cha kupotosha. Hoja moja itajitokeza mara kwa mara: mabawa yenye rangi, ambayo ndiyo hutuvutia kwanza, ni ujumbe kwa ndege na wawindaji wengine, na kwa sababu hiyo ni shahidi dhaifu wa ukoo. Historia nzima ya uainishaji wa nondo hawa ni historia ya watafiti kujifunza kutoyaamini mabawa.

Nondo wa Arctiinae ni nondo gani hasa?

Wengi wao ni nondo wa ukubwa wa kati, wenye rangi kali za nyekundu, manjano, nyeupe na nyeusi, ingawa wapo pia wa kijivu na kahawia wasiovutia jicho. Jina lao linatokana na jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) iitwayo Arctia, iliyoanzishwa na Schrank mwaka 1802 kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya dubu, kwa sababu viwavi wa nondo hao wana manyoya mengi marefu yanayoota kwa vishungi juu ya vinundu vya ngozi. Hata hivyo, manyoya na rangi havitoshi kulitambulisha kundi, kwa kuwa viwavi wa makundi mengine pia wana manyoya na nondo wengine pia wana rangi kali.

Alama mbili zina uzito zaidi. Ya kwanza ni vibamba vya sauti, yaani vipande viwili vyembamba vya gamba la mwili vilivyo kwenye pingili ya tatu ya kidari, kimoja kila upande. Misuli inapokivuta kibamba, hupinda ghafla na kutoa mlio mfupi, kisha hurudi mahali pake na kutoa mlio mwingine. Ya pili ni jozi ya tezi za harufu zilizo upande wa mgongo, karibu na ncha ya fumbatio la jike, ambazo hutumika kumwita dume. Alama zote mbili hazionekani nondo anapotua ukutani, na huenda hiyo ndiyo sababu zilichelewa kupewa nafasi yake.

Wanakaa wapi katika mti wa ukoo wa nondo na vipepeo?

Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2011, oda ya Lepidoptera, yaani ya nondo na vipepeo wote, ilikuwa na spishi zaidi ya 157,000 zilizoelezwa. Vipepeo ni tawi moja tu ndani ya mti huo, wala si nusu yake kama lugha ya kila siku inavyotufanya tuamini. Tawi lenye spishi nyingi kuliko yote ni familia ya juu ya Noctuoidea, yenye spishi zaidi ya 42,000, ambayo leo inagawanywa katika familia sita: Oenosandridae, Notodontidae, Erebidae, Euteliidae, Nolidae na Noctuidae. Arctiinae ni nusufamilia ndani ya Erebidae.

Ndugu zao wa karibu ni nusufamilia mbili ambazo zingewekwa upande kwa upande zisingefanana kabisa. Aganainae, wakiwamo nondo wa jenasi Asota wa tropiki za Afrika na Asia, wana mafumbatio ya manjano au chungwa, na viwavi wao hula mimea yenye utomvu kama vile mikuyu. Kwa muda mrefu walichanganywa na Arctiinae au kuwekwa katika familia yao wenyewe, Hypsidae. Herminiinae, kwa upande mwingine, ni nondo wa kahawia iliyofifia ambao viwavi wa wengi wao hula majani makavu yaliyoanguka chini. Hakuna mtu ambaye, kwa kutazama mabawa tu, angewaita Herminiinae jamaa wa karibu wa nondo wenye rangi za moto, lakini ndivyo vipimo vya jeni vinavyoonyesha.

Kwa nini vitabu vya zamani vinawaita Arctiidae, na vipya vinawaita Arctiinae?

Majina ya makundi ya wanyama hufuata kanuni ya viambishi tamati: -oidea ni familia ya juu, -idae ni familia, -inae ni nusufamilia, -ini ni kabila na -ina ni nusukabila. Kubadilika kutoka Arctiidae kwenda Arctiinae ni kushushwa ngazi moja, si kufutwa kwa kundi. Spishi zilizomo zimebaki karibu zilezile.

Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha mfumo wa majina ya spishi, mwaka 1758 aliwaweka nondo wote aliowafahamu katika jenasi chache pana, kubwa kati yake ikiwa Phalaena. Mwaka 1815 Leach aliwatenga Arctiidae kama familia, na jina hilo likadumu kwa karibu karne mbili. Tatizo lilianza kuonekana wazi pale watafiti walipochora miti ya ukoo badala ya kupanga vielelezo kwa mfanano tu. Ilibainika kwamba Arctiidae wamechipuka kutoka ndani ya kundi kubwa lililokuwa likiitwa Noctuidae, si pembeni yake. Kuwaacha kama familia inayojitegemea ilikuwa sawa na kuwatoa watoto wa dada mmoja na kuwaita ukoo mwingine, ilhali watoto wa dada zake wote wanabaki na jina la bibi.

Mwaka 2006 Lafontaine na Fibiger walipendekeza kuipanua Noctuidae ili iwameze Arctiidae na wengineo. Suluhisho hilo lilikuwa sahihi kimantiki, lakini lilizaa familia kubwa mno isiyotumika kirahisi. Mwaka 2011 Zahiri na wenzake walitumia vipande vya jeni nane, kimoja cha mitokondria na saba vya kiini cha seli, wakaonyesha kwamba kundi hilo kubwa linaweza kugawanywa katika familia chache zilizo kamili, Erebidae ikiwa mojawapo. Mgawanyo huo ndio unaofuatwa na watafiti wengi sasa. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kila familia inabeba ukoo mzima, na mtumiaji wa kawaida bado anaweza kulitambua kundi alilolizoea chini ya jina lililobadilika herufi moja tu.

Nondo wanaofanana na nyigu ni wa kundi moja?

Hili ndilo swali lililowapotosha wataalamu kwa muda mrefu kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Ndani ya Arctiinae wapo nondo wengi wenye mabawa yanayopenya mwanga, kiuno kilichobanwa, mistari ya manjano na nyeusi, na hata namna ya kuruka mchana inayomfanya mtazamaji arudishe mkono haraka. Sir George Hampson, katika juzuu ya kwanza ya katalogi yake ya nondo wa British Museum iliyochapishwa mwaka 1898, aliwaweka katika familia ya pekee, Syntomidae, ambayo baadaye iliitwa pia Amatidae au Ctenuchidae. Arctiidae aliwaanza katika juzuu ya pili, ya mwaka 1900. Hoja yake haikuwa rangi peke yake, kwani alitazama pia vena za mabawa, yaani mishipa inayoyashikilia, na katika nondo hawa vena moja ya bawa la nyuma haipo.

Hoja hiyo ilionekana imara mpaka pale ilipoulizwa kwa nini vena ile imetoweka. Ili nondo afanane na nyigu, bawa la nyuma lazima liwe dogo na jembamba, na bawa likipungua upana, nafasi ya vena hupungua pia. Kwa maneno mengine, vena iliyopotea si ushahidi unaojitegemea. Inakwenda pamoja na umbo la nyigu lenyewe. Koo mbili tofauti zikifuata njia ileile ya kuiga, zote mbili zinaweza kupoteza vena ileile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nondo wa Amata na jamaa zao wa Afrika, Ulaya, Asia na Australia sasa ni kabila la Syntomini, wakati waigaji wa nyigu wa Amerika, yaani nusukabila za Ctenuchina na Euchromiina, wamo ndani kabisa ya kabila la Arctiini, karibu na nondo wenye mabawa mapana wasiofanana na nyigu hata kidogo. Uigaji wa nyigu umetokea zaidi ya mara moja, na familia ya Hampson ilikuwa imewakusanya waigizaji wa igizo moja waliotoka nyumba mbalimbali.

Waigaji wa vipepeo walisababisha kosa la namna hiyohiyo. Nondo wa Pericopina wa tropiki za Amerika, ambao wengi wao wana ruwaza za vipepeo wenye sumu wanaoishi nao msituni, walihesabiwa kuwa familia kamili, Pericopidae. Leo ni nusukabila moja ya Arctiini.

Makabila yao ni yapi?

Manne hutajwa zaidi. Lithosiini wana spishi zaidi ya 3,000, wengi wakiwa wembamba wenye kukunja mabawa karibu na mwili, na viwavi wao hula kuvumwani, yaani ule muungano wa kuvu na mwani unaoota kwenye magome na mawe. Sehemu za mdomo wa kiwavi zina umbo linalofaa kazi hiyo ya kukwangua. Amerilini ni wachache, wa tropiki za Afrika, Asia na Australia, na spishi kadhaa za Amerila zikishikwa hutoa povu la kujihami kutoka karibu na kichwa. Syntomini wametajwa juu. Arctiini ndio wengi na wenye sura nyingi kuliko wote, na ndani yake mna nusukabila ambazo mipaka yake ingali ikirekebishwa, hasa Phaegopterina, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kapu la kuwekea jenasi zisizo na pengine pa kwenda.

Sumu yao inatoka wapi, na ina uhusiano gani na mageuko?

Nondo wengi wa Arctiini hawatengenezi sumu yao kuu bali huichukua kutoka kwenye mimea. Mashuhuri zaidi ni alkaloidi za pirolizidini, zinazopatikana katika mimea kama Heliotropium, Senecio na Crotalaria, ambayo baadhi ya spishi zake hujulikana kama marejea. Alkaloidi hizi huharibu ini la mifugo na la binadamu. Kiwavi anayezila hukutana nazo katika hali mbili: mmea huzihifadhi katika hali ya oksidi isiyo na madhara makubwa, kisha tumboni hugeuka kuwa hali huru iliyo hatari. Nondo hawa wana kimeng'enya kinachozirudisha katika hali ya oksidi mara zinapoingia kwenye damu. Kimeng'enya hicho, kilichochunguzwa kwa kina katika spishi ya Tyria jacobaeae, kimetokana na familia ya vimeng'enya vya kawaida vya wadudu: jeni ilijirudufu, nakala moja ikaendelea na kazi ya zamani, nyingine ikapata kazi mpya. Hapa mageuko yanaonekana katika molekuli yenyewe, pasipo haja ya kukisia kutoka kwenye sura ya nje.

Sumu hiyo ikishapatikana, iligusa kila kitu katika maisha yao. Thomas Eisner na Jerrold Meinwald wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba dume wa Utetheisa ornatrix hutengeneza feromoni yake kutokana na alkaloidi aliyoila akiwa kiwavi, hivyo harufu yake humpa jike taarifa ya kiasi cha sumu alichonacho. Wakati wa kujamiiana humkabidhi jike sehemu ya sumu hiyo pamoja na mbegu, katika kifurushi chenye uzito wa wastani wa asilimia 10 ya mwili wa dume, na jike huipeleka kwenye mayai. Buibui wakubwa wa utando wa jenasi Trichonephila (zamani Nephila) wakimnasa nondo huyu hukata nyuzi na kumwacha aende zake.

Katika jenasi Creatonotos ya Asia na Australia, mirija ya harufu ambayo dume huitoa kutoka ncha ya fumbatio huwa mikubwa au midogo kulingana na alkaloidi alizokula akiwa kiwavi. Nalitaja jambo hili kwa msisitizo kwa sababu lina funzo la moja kwa moja kwa mwainishaji: madume wawili wa spishi moja wanaweza kutofautiana katika kiungo ambacho mtu angetamani kukitumia kutenganisha spishi, na tofauti hiyo ikawa imetoka kwenye chakula.

Je, ni kweli kwamba popo ndio waliosababisha nondo kuwa na masikio?

Maelezo hayo yalirudiwa sana, lakini yanahitaji kusahihishwa. Uchunguzi uliochapishwa na Kawahara na wenzake mwaka 2019, uliotumia jeni nyingi na visukuku kukadiria umri wa matawi, ulionyesha kwamba viungo vya kusikia vimezuka angalau mara tisa katika Lepidoptera, na kwamba vingi vilikuwapo tangu mwishoni mwa Kretasia, yaani kabla ya popo wawindaji. Visukuku vya kale vilivyo kamili vya popo vina umri wa takriban miaka milioni 52. Inaelekea masikio ya mwanzo yalitumika kusikia wawindaji wengine kwa ujumla, kisha yakatumika dhidi ya popo walipofika.

Vibamba vya sauti ni habari nyingine, kwa kuwa uhusiano wake na popo ni wa dhahiri zaidi. Dorothy Dunning na Kenneth Roeder waliripoti mwaka 1965 kwamba popo waliokuwa wakikaribia windo waligeuza njia waliposikia milio ya nondo hawa. Baadaye ilibainika kwamba milio hiyo ina kazi zaidi ya moja. Kwa spishi zenye sumu ni onyo: popo akishaonja nondo mchungu, hujifunza kuuhusisha mlio na uchungu, kama ndege anavyoihusisha rangi nyekundu. Bertholdia trigona wa Arizona anafanya jambo jingine kabisa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 na Corcoran, Barber na Conner yalionyesha kwamba nondo huyu hutoa milio hadi 4,500 kwa sekunde, ambayo huvuruga mwangwi ambao popo anautegemea kupima umbali, hivyo popo hukosa shabaha.

Mwainishaji hutumia vibamba kwa tahadhari. Kuwapo kwake kunaunganisha kundi zima, lakini koo kadhaa zimevipoteza, kwa hiyo kutokuwapo kwake hakumwondoi nondo katika Arctiinae.

Kwa nini wako wengi hivyo katika tropiki?

Takriban spishi 6,000 zinapatikana katika tropiki za Amerika peke yake, na miteremko ya Andes ni miongoni mwa maeneo yenye spishi nyingi zaidi. Jibu la haraka ni kwamba tropiki zina mimea mingi, na kila mmea una kiwavi wake. Kwa Arctiinae jibu hilo halitoshi, kwa kuwa viwavi wengi wa kundi hili hula mimea ya familia nyingi, na Lithosiini hawategemei majani. Maelezo yanayoridhisha zaidi yanaunganisha mambo kadhaa: milima inayotenganisha makundi ya spishi moja katika mabonde na vimo tofauti, na uigaji, ambao hufanya mabadiliko madogo ya ruwaza yawe na uzito mkubwa, kwa sababu ruwaza inayomlinda nondo katika bonde moja haimlindi kule ambako ndege hawajawahi kuionja.

Tofauti ya rangi inaweza kuonekana ndani ya spishi moja?

Ndiyo, na mfano mzuri ni Utetheisa ornatrix aliyetajwa juu. Linnaeus alitaja spishi mbili mwaka 1758: bella, mwenye rangi ya waridi iliyokolea, na ornatrix, aliyepauka zaidi. Kwa muda mrefu watunzaji wa makusanyo walisumbuliwa na vielelezo vilivyokuwa katikati ya hao wawili, na ni mwaka 1960 tu ambapo Forbes alihitimisha kwamba ni spishi moja inayobadilika rangi kutoka eneo moja hadi jingine. Majina mawili yalidumu miaka 202 juu ya tofauti ya rangi.

Je, DNA imemaliza ubishi?

Imemaliza sehemu yake. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kutumia kipande kifupi cha jeni ya mitokondria iitwayo COI, chenye besi takriban 650, kama alama ya kutambulisha spishi. Kwa nondo wa tropiki njia hii imekuwa na manufaa makubwa, hasa kuunganisha dume na jike wasiofanana, au kiwavi na nondo wake, jambo ambalo zamani lilihitaji kufuga kwa wiki nyingi. Huko Guanacaste, Costa Rica, ambako Daniel Janzen na Winnie Hallwachs wamekuwa wakifuga viwavi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alama hizo zimefichua spishi zilizokuwa zimejificha chini ya jina moja.

Hata hivyo, mitokondria hurithiwa kwa mama pekee. Spishi mbili zikichanganya damu, au bakteria wa Wolbachia, wanaoishi ndani ya seli za wadudu na kurithiwa kwa mama, wakisambaa pamoja na ukoo mmoja wa mama, kipande hicho kinaweza kuonyesha hadithi tofauti na ya jeni za kiini. Ndiyo maana spishi mpya inayotangazwa kwa COI peke yake hupokelewa kwa tahadhari, na matawi ya kale ya mti hayawezi kuchorwa kwa kipande kifupi namna hiyo.

Je, hawa ndio viwavijeshi?

Hapana. Viwavijeshi ni wa jenasi Spodoptera, familia ya Noctuidae. Arctiinae wana waharibifu wachache. Anayejulikana zaidi ni Hyphantria cunea wa Amerika Kaskazini, aliyeenea Ulaya na Asia, ambaye viwavi wake hufunga majani ya miti kwa utando.

Nina picha nzuri ya nondo. Ninaweza kupata jina la spishi?

Wakati mwingine. Picha mara nyingi inatosha kufika kwenye kabila au jenasi, na kwa spishi zenye ruwaza ya pekee inatosha kabisa. Kwa jenasi zenye spishi nyingi zinazofanana, hasa miongoni mwa Lithosiini na waigaji wa nyigu, hakuna njia ya mkato: fumbatio huondolewa, huloweshwa katika hidroksidi ya potasiamu ili tishu laini ziyeyuke, kisha viungo vya uzazi husafishwa na kutazamwa chini ya darubini. Viungo hivyo vimejificha ndani ya mwili, ndege hawavioni, na havina sababu ya kuiga nyigu wala kipepeo.

Ukipiga picha, geuza pia upande wa chini wa mabawa ikiwezekana, na piga fumbatio, miguu na kichwa. Andika mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari na kama nondo alikuja kwenye taa au aliruka mchana. Kama umemkuta kiwavi, andika alikuwa akila nini, kwa kuwa kwa spishi nyingi za tropiki habari hiyo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote.